Dawa za cheti kwa mbwa na paka: mwongozo kamili kwa wafugaji wa Kigoma

Mtu anaingia duka la dawa za mifugo pale Mwanga na kusema, "Kaka, naomba dawa ya mbwa." Mbwa mwenyewe yuko Ujiji, hajaonwa na mtaalamu yeyote, na uzito wake haujulikani. Akiulizwa mbwa ana nini, anajibu, "Hataki kula." Basi anauziwa OTC (antibaotiki ya oksitetrasaiklini), au dawa ya minyoo, au chochote kilicho karibu na mkono wa muuzaji. Baada ya siku tatu mbwa bado hataki kula, na lawama inaangukia dawa: za siku hizi ni feki.

Kukataa chakula si ugonjwa. Mbwa mwenye minyoo hukataa kula, mwenye jino lililooza hukataa, mwenye homa ya kupe hukataa, na mwenye mfupa uliokwama kooni naye hukataa. Dawa ya cheti huandikiwa mnyama mmoja aliyeshikwa, akaangaliwa na kupimwa uzito. Ukiruka lolote kati ya hayo, unachonunua ni bahati nasibu.

Maelezo haya yanahusu mbwa na paka tu. Ng'ombe, mbuzi na kuku wana mambo yao, yakiwemo ya maziwa na nyama.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Mizani, ya bafuni au ya kuning'iniza kama ile ya dagaa.
- Daftari na kalamu. Simu nayo inafaa, mradi usije ukasema chaji imeisha.
- Maboksi, chupa au hata mabaki ya karatasi za dawa zote alizokwisha kupewa.
- Kadi ya chanjo, hasa ya kichaa cha mbwa.
- Kamba imara na kitambaa kirefu cha kumfunga mbwa mdomo. Kwa paka, kikapu chenye kifuniko kinachofungika na taulo moja nene.
- Mabomba ya sindano mawili, la ml 1 na la ml 5, bila sindano zake. Ni ya kupimia na kunyweshea dawa ya maji.
- Kopo lenye kifuniko kigumu la kuhifadhia dawa mbali na watoto.

## Hatua ya 1: Mpime uzito

Panda mizani ya bafuni ukiwa umembeba mbwa, andika namba. Mweke chini, panda tena peke yako, kisha toa. Paka au mtoto wa mbwa mweke kwenye kikapu, ning'iniza kwenye mizani, halafu toa uzito wa kikapu. Mbwa mkubwa asiyebebeka atapimwa kliniki. Kama daktari anakuja nyumbani, mwambie mapema aje na mizani.

Sababu ni kwamba dozi karibu zote huhesabiwa kwa kilo. Mbwa wetu wengi ni wembamba kuliko macho yanavyodhani, na wenye manyoya mengi hudanganya zaidi. Mbwa "wa kilo 20" wa kukisia mara nyingi ni wa kilo 14.

Tahadhari: namba ya miezi mitatu iliyopita haifai kwa mtoto wa mbwa. Pima upya kila anapougua.

Umefaulu ukiwa na namba moja iliyoandikwa pamoja na tarehe.

## Hatua ya 2: Andika kilichotokea

Andika umri, jinsia, kama ana mimba au ananyonyesha, dalili ilianza lini, anakunywa maji au la, mkojo una rangi gani, na choo kikoje. Ongeza mambo ya nyumbani: je, kuna sumu ya panya iliyowekwa karibu? Shamba la jirani limepuliziwa dawa? Ametoka porini na wachoma mkaa au wawindaji?

Kisha andika dawa zote alizopewa, ikiwa ni pamoja na mwarobaini, Panadol, na ile sindano ambayo jirani mwenye ng'ombe alimchoma jana. Hapa ndipo watu huficha, kwa aibu. Daktari si polisi. Akijua mbwa alipewa diklofenaki ya maumivu jana, hatamwandikia prednisoloni (steroidi ya kutuliza uvimbe) leo, kwa sababu zikikutana tumboni mbili hizo huweza kutoboa utumbo.

Tahadhari kubwa kuliko zote: mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetoa mate mengi, aliyelegea taya, anayeng'ata hovyo au aliyebadilika sauti, usimfungue mdomo wala usimnyweshe chochote. Huenda ni kichaa cha mbwa. Mfungie mahali asipoweza kutoka na umpigie simu mtaalamu wa mifugo. Aliyeng'atwa, au aliyepata mate ya mbwa huyo kwenye kidonda, aoshe hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

## Hatua ya 3: Aonwe na mtaalamu

Chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, daktari wa mifugo lazima awe amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Wapo pia wataalamu wasaidizi wenye stashahada na astashahada, na hao ndio wengi wetu tunaowajua kama bwana mifugo. Nao hutambuliwa na Baraza na hufanya kazi kwa mipaka yao, chini ya usimamizi wa daktari. Kumwuliza mtu namba yake ya usajili si utovu wa adabu. Aliye nayo huitaja bila kukunja uso.

Kama uko Uvinza ndani, Buhigwe au kijiji cha pwani ya ziwa kisichofikiwa na gari, anza na afisa mifugo wa kata. Yeye ndiye atakayejua kama jambo analimudu au linahitaji daktari wa mjini.

Picha ya simu haitoshi. Rangi ya fizi, joto la mwili (mbwa mzima huwa na takriban nyuzi 38 hadi 39), tezi zilizovimba na bandama lililokua havionekani kwenye picha. Katika mikoa yetu kuna sababu ya ziada: mapori ya miombo yana ndorobo, na mbwa anayeingia porini huweza kupata vimelea vyake. Anakonda, ana homa ya kwenda na kurudi, na pengine jicho linaingia ukungu. Kwa macho tu, ugonjwa huo hufanana na homa za kupe, lakini dawa zake si zilezile. Tone la damu kwenye kioo cha darubini linaweza kuzitenganisha. Kliniki isiyo na darubini inaweza kutuma sampuli maabara, na Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo Tabora.

Watu hulalamikia gharama ya kipimo. Mimi nasema lipa. Dawa tatu za kujaribu moja baada ya nyingine huishia kuwa ghali kuliko kipimo kimoja, na wakati huo wote mbwa anazidi kuisha.

Kabla hujatoka, uliza: unadhani ni nini? Dawa hii inafanya nini? Nitegemee nafuu siku ya ngapi? Nikiona nini nirudi haraka?

Umefaulu ukitoka na majibu hayo pamoja na cheti cha dawa.

## Hatua ya 4: Soma cheti mpaka ukielewe

Ninakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo wengi hupotelea.

Cheti kizuri kina jina lako, aina ya mnyama na uzito wake, tarehe, jina la dawa pamoja na nguvu yake, kiasi cha kumpa, mara ngapi, kwa siku ngapi, kisha jina, sahihi na namba ya usajili ya aliyeandika. Kikiwa na jina la dawa tu, kirudishe palepale kijazwe.

Alama zake ni chache. "1×2" ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku: namba ya kwanza ni idadi ya vidonge, ya pili ni mara. OD ni mara moja kwa siku, BD mara mbili, TDS mara tatu. "5/7" ni siku tano, si vidonge vitano kati ya saba kama wengine wanavyosoma. "2/52" ni wiki mbili. PO ni kwa mdomo, SC chini ya ngozi, IM kwenye msuli.

Mara mbili kwa siku maana yake kila baada ya saa 12: saa 1 asubuhi na saa 1 jioni. Ukimpa saa 2 asubuhi na saa 8 mchana kwa sababu jioni unakwenda Kibirizi, dawa inapanda kupita kiasi mchana na kuisha mwilini usiku.

### Hesabu unayoweza kuihakiki mwenyewe

Uzito mara dozi ya kila kilo, unapata miligramu. Gawanya kwa nguvu ya dawa, unapata vidonge au mililita.

Mfano: mbwa wa kilo 20 mwenye ehrlichia, homa mojawapo inayoletwa na kupe, ameandikiwa doksisaiklini mg 10 kwa kilo, mara moja kwa siku, kwa siku 28. Kilo 20 mara 10 ni mg 200. Kapsuli moja ina mg 100, kwa hiyo ni kapsuli mbili kila siku. Kwa siku 28 unahitaji kapsuli 56. Ukikabidhiwa 20, kuna kitu hakijakaa sawa, na ni bora ukigundue hapo kaunta kuliko siku ya kumi na moja ukiwa umesharudi Kasulu.

Kwa dawa ya maji, asilimia iliyoandikwa kwenye chupa ndiyo nguvu yake. 1% ni mg 10 katika kila ml, 10% ni mg 100, na 20% ni mg 200. Ndiyo maana OTC 10% na OTC 20% hazipimwi sawa hata kidogo. Anayekuambia "mchome cc mbili" bila kutaja asilimia hajakuambia kitu.

Sasa tazama ivamektini, dawa inayoua watoto wa mbwa kimyakimya mkoani hapa. Ile ya ng'ombe ni ya 1%, na maelekezo yake ni ml 1 kwa kila kilo 50. Mtu ana mtoto wa mbwa wa kilo 2.5 mwenye upele, anavuta ml 1 "kwa sababu ndiyo ndogo kabisa." Hiyo ni mg 10 ndani ya kilo mbili na nusu, yaani mara 20 ya kile ambacho ng'ombe angepata kwa kila kilo yake. Kitoto kinayumba, mboni za macho zinatanuka, mate yanamtoka, kinapoteza fahamu. Wapo pia mbwa wenye damu ya koli na baadhi ya jamii nyingine za mbwa wa kuchungia mifugo ambao kwa kuzaliwa kwao dawa hii huingia ubongoni hata kwa kiasi kidogo. Upele una dawa nyingine. Acha daktari achague.

Tahadhari: hesabu yako ikitofautiana na cheti, usirekebishe cheti. Piga simu. Huenda daktari amepunguza kwa sababu ya figo, umri au mimba, na huenda pia amekosea sifuri.

Umefaulu ukiweza kumweleza mtu wa nyumbani bila kusoma: kiasi gani, saa ngapi, mpaka tarehe gani.

## Hatua ya 5: Nunua mahali sahihi, kagua kabla ya kulipa

Kuna sehemu tatu.

Ya kwanza ni kliniki yenyewe. Dawa nyingi za mifugo huja kwa chupa za ng'ombe, ml 50 au 100, hivyo kliniki hukupimia kiasi unachohitaji. Hilo ni sawa, mradi chombo kiwe kisafi, chenye kifuniko, na kiandikwe jina la dawa, nguvu, dozi, tarehe na tarehe ya mwisho wa matumizi. Usikubali dawa kwenye chupa ya soda. Mtoto wa nyumbani hasomi, yeye huona soda.

Ya pili ni duka la dawa za mifugo. Peleka cheti, usikariri jina kichwani.

Ya tatu ni famasi ya binadamu. Madaktari wa mifugo huandika dawa kama doksisaiklini, metronidazoli, prednisoloni na fenobabitali (ya degedege) kwa sababu molekuli ni ileile, na zilizotengenezwa kwa ajili ya mifugo hazipatikani kirahisi huku kwetu. Duka la dawa muhimu la mtaani halitakuwa nazo zote, kwa kuwa orodha yake kisheria ni fupi. Fenobabitali ni dawa inayodhibitiwa, usishangae ukidaiwa cheti halisi na si picha yake. Mwambie mfamasia waziwazi kwamba dawa ni ya mbwa au paka, kisha kataa kwa heshima akikuambia "hii ni kama hiyo." Kwa binadamu pengine ni kweli. Kwa paka huenda ikawa kifo.

Haya usiyakubali kaunta yoyote ile bila kauli ya daktari:

- Parasetamoli kwa paka. Ini la paka halina uwezo wa kuisafisha. Kidonge kimoja cha kawaida kinatosha kumuua: fizi zinageuka rangi ya matope, uso unavimba, pumzi inakata.
- Ibuprofeni na diklofenaki kwa mbwa au paka. Huleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo.
- Dawa ya kupe yenye permethrini au amitrazi kwa paka, hata ikiwa mbwa wa nyumba hiyohiyo anaogeshewa na hajambo.
- Sirapu za binadamu zenye zailitoli, kitu cha kuongeza utamu badala ya sukari, kwa mbwa. Sukari ya damu hushuka ghafla.
- Matone ya macho yenye deksamethasoni au betamethasoni kabla jicho halijakaguliwa. Kama kuna kidonda kwenye kioo cha jicho, hukichimba zaidi.

Kagua jina, nguvu, tarehe ya mwisho, namba ya toleo, na kama lakiri haijafunguliwa. Dawa ya maji iliyogandamana au kubadilika rangi irudishe. Dawa za binadamu na za mifugo zote husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kigoma ni mji wa mpakani na bidhaa huvuka ziwa kila uchao, kwa hiyo dawa ya mkobani isiyo na risiti wala maelezo unayoyasoma, iache iendelee na safari yake.

Chukua risiti. Siku dawa ikileta madhara, namba ya toleo na risiti ndivyo vitakavyokusaidia.

### Ukishafika nayo nyumbani

Dawa nyingi hutaka kukaa chini ya nyuzi 25 au 30, mbali na jua. Dirishani si mahali pake, wala juu ya friji panapopata joto la mashine. Zilizoandikwa 2–8 °C hukaa ndani ya friji, si kwenye sehemu ya kugandisha. Unga wa antibaotiki unaochanganywa na maji, tumia maji yaliyochemshwa na kupoa, jaza hadi kwenye mstari, andika tarehe. Baada ya siku zilizotajwa kwenye chupa, ambazo mara nyingi ni 7 hadi 14, ubaki usibaki, umekwisha.

## Hatua ya 6: Mpe dawa

### Mbwa na vidonge

Tengeneza matonge matatu madogo ya ugali na samaki. Mgebuka hufaa sana kwa harufu yake, ila toa miiba. Tonge la kwanza ni tupu, la pili lina kidonge, la tatu ni tupu tena, na ulionyeshe kabla hajamaliza la pili. Akili yake inakimbilia la tatu na la pili linapita bila kuchunguzwa. Mawese kidogo hulainisha, lakini kidogo kweli, maana mafuta mengi humharisha. Mchuzi wenye vitunguu usiutumie: vitunguu huharibu damu ya mbwa na paka.

Doksisaiklini na ndugu zake usivichanganye na maziwa. Kalsiamu ya maziwa hushika dawa na kupunguza inayoingia mwilini.

Akikataa chakula kabisa: inua pua yake, shusha taya kwa kidole kwenye meno ya mbele, weka kidonge nyuma kabisa ya ulimi, funga mdomo, papasa koo. Akilamba pua, kimeshuka. Asipolamba, kitafute nyuma ya kochi kesho.

### Paka

Mfunge taulo mwili mzima, kichwa kibaki nje. Fanya kama kwa mbwa, lakini haraka, na mara tu baada ya kidonge mpe maji ml 5 kwa bomba. Hili la maji wengi hulipuuza. Kidonge huweza kukwama kwenye umio wa paka, na doksisaiklini ikikwama huunguza, kovu likabana njia ya chakula, na paka aliyepona kikohozi akaanza kutapika kila anachokula.

Paka akitoa povu jingi mara baada ya dawa chungu kama metronidazoli, usishtuke. Ni uchungu, na huisha kwa dakika chache. Povu lisilokoma pamoja na kutetemeka, hilo ni jambo jingine, kimbia kliniki.

### Dawa ya maji

Ingiza ncha ya bomba pembeni mwa mdomo, kati ya shavu na meno, sukuma kidogokidogo, subiri ameze. Usimwinulie kichwa juu na kummiminia kama tunavyoona wakinywesha mbuzi. Dawa ikienda mapafuni, unaanza kutibu nimonia.

Usivunje kidonge wala kufungua kapsuli bila kuuliza. Nyingine zimefunikwa kwa makusudi ili zisiharibike tumboni.

Dawa ya masikio usiitie kama daktari hajachungulia ndani. Ngoma ya sikio ikiwa imetoboka, dawa yenye jentamaisini inaweza kumfanya kiziwi. Na sindano za nyumbani, kwa maoni yangu, ziwe kwa waliofundishwa na daktari kwa dawa hiyo hiyo, basi.

Umefaulu ukimwona amemeza, na baada ya nusu saa hajakitapika.

## Hatua ya 7: Fuatilia, na usikatishe

Chora mistari kwenye daftari: tarehe, asubuhi, jioni. Weka alama baada ya kila dozi. Nyumba yenye watu wengi ndiyo huleta dozi mbili, baba kampa na dada naye kampa.

Ukisahau dozi, mpe ukikumbuka, isipokuwa kama inayofuata imekaribia, hapo ruka. Usimpe mbili kwa pamoja. Akitapika, piga simu kabla ya kurudia, kwa kuwa inategemea dawa na muda uliopita.

Zipo dalili za kutarajiwa. Mbwa wa prednisoloni hunywa maji sana, hukojoa sana, na hutaka kula mpaka sufuria. Zipo pia za kukimbilia kliniki usiku huohuo: uso kuvimba, kuhema kwa shida, degedege, kuyumba, choo cheusi kama lami, fizi nyeupe. Beba boksi la dawa. Usimpe chumvi wala mafuta ili atapike. Chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwake.

Sasa suala la kukatisha. Mbwa mwenye ehrlichia huanza kula ndani ya siku chache tu, na hapo ndipo nyumba nyingi hufunga daftari. Vimelea bado vimo ndani ya chembe za damu, vikisubiri. Siku 28 ni siku 28. Kwa antibaotiki, madhara hayaishii kwa mbwa wako: vijidudu vilivyobaki hujifunza dawa, na usugu huo, ambao wizarani huuita UVIDA, unarudi hadi kwa watoto wanaocheza naye. Prednisoloni ya muda mrefu hushushwa taratibu kwa ratiba ya daktari, kwa sababu mwili umeacha kutengeneza homoni yake wenyewe. Fenobabitali ikikatwa ghafla huamsha degedege baya kuliko lile la mwanzo.

Kama hakuna nafuu siku aliyoitaja daktari, rudi. Usiongeze dozi, na usikate tamaa kimya.

## Hatua ya 8: Kuongezewa dawa

"Si ile ile tu, kwa nini mpaka nimlete tena?" Swali hili huzua ugomvi kila kliniki. Jibu ni kwamba uzito hubadilika, ugonjwa hubadilika, na dawa za muda mrefu huchosha ini au figo bila kuonyesha nje. Kwa kawaida daktari huandika kwa muda fulani, kisha hutaka kumwona tena.

Anayetoka Kibondo, Kakonko au vijiji vya mwambao aseme mapema. Daktari anaweza kukupa dozi nzima, mkapanga tarehe ya simu, na uzito wa mnyama ukapimwa na afisa mifugo wa kata. Piga siku tano kabla dawa haijaisha. Mzigo ukichelewa kutoka Mwanza au Dar es Salaam, siku moja haitoshi.

Dawa iliyobaki ya mbwa wako usimpe mbwa wa shangazi. Wake hajapimwa.

## Hatua ya 9: Mabaki

Vidonge vilivyoisha muda na chupa zilizobakiwa na dawa rudisha kliniki au famasi, waulize utaratibu wao wa kuziharibu. Sindano tia kwenye kopo gumu, funga, peleka hukohuko. Usitupe jalalani wanakookota watoto.

Maji ya kuogeshea kupe yenye amitrazi au jamii ya permethrini ni sumu kali kwa samaki. Usimwogeshee mbwa ufukweni, na usimwage ndoo kwenye mtaro unaoshuka ziwani. Mimina kwenye shimo mbali na kisima, vaa glovu, na mzuie mbwa asijirambe wala kuogelea mpaka manyoya yakauke kabisa. Kopo tupu la dawa hiyo litoboe chini kabla ya kulitupa, mtu asije akalichotea maji.